Siku Tableti Iliposema Hakuna

Asifiwe mwanangu,

Umetoka kwenda kuaga wenzako wa kwaya. Mama yako anapiga pasi nguo zako kwa mara ya pili, kama vile Kisangani hakuna pasi. Mimi nimekaa mezani na karatasi hii, sawa na mwanafunzi aliyeingia kwenye mtihani bila kujua ni wa somo gani.

Kesho unashika njia kwenda kusoma informatique, elimu ya kompyuta. Mambo ya barabara, ya chakula, ya watu wa kuogopa na watu wa kuheshimu, mama yako amekwisha kukuambia yote, na akisahau moja shangazi yako ataliongeza. Yangu ni mengine, na kusema kweli sijui vizuri ni yapi. Ndiyo sababu naandika. Nikisema kwa mdomo nitachanganya maneno, utacheka, utaniambia, "Papa, acha ile," nami nitaacha. Kwenye karatasi natumia Kiswahili cha shule, na Kiswahili cha shule hunilazimisha nimalize sentensi.

Ulipopata habari kwamba chuo kimekukubali, uliniuliza: "Papa, weye pia ulikuwaka unaandika ma-programme. Juu ya nini uliacha?" Nilikujibu kwamba mradi ulifungwa. Ni kweli, ulifungwa. Lakini mimi niliondoka kabla haujafungwa, na sababu yake nimeizunguka miaka hii yote kama mtu anayezunguka nyumba bila kuona mlango.

Wakati ule ulikuwa ndiyo kwanza unaanza shule. Watu walikuwa wamekimbia vijiji vyao. Wengine walifika hapa Bunia, wengine walishika njia ya Mambasa, na katika kukimbia huko watoto wengi walipotezana na wazazi wao. Kulikuwa na shirika dogo, leo halipo tena, lililokuwa linapiga picha watoto waliopokelewa na familia za hapa mjini, linaandika majina yao, kisha linapeleka picha hizo kambini, kwa wakimbizi, ili wazazi watafute. Picha zilikuwa ndani ya tableti. Aliyezipeleka alikuwa Mama Régine, yule mwenye sauti nene aliyekuwa akikubeba mgongoni ukimsumbua. Yeye alikaa na wazazi. Mimi nilikaa na programu.

Programu ile sikuianzisha mimi. Iliandikwa kwa Objective-C na kijana mmoja wa mbali ambaye tayari alikuwa ameondoka, nikaachiwa mistari yake bila maelezo. Usiku na mchana niliisoma nikijifunza lugha yenyewe humo humo. Najua leo watu wanatumia lugha mpya zaidi, na huenda walimu wako wataitaja Objective-C kama tunavyotaja marehemu. Lakini tableti zetu zilikuwa za zamani, za kupewa, na ndiyo lugha ziliyoielewa.

Niache nikueleze kwa njia yangu, hata kama utayajua haya kwa maneno bora. Kila kitu ambacho programu inatumia, picha, ukurasa, orodha, kinakaa kwenye kumbukumbu ya mashine, na kumbukumbu ina mwisho. Zamani mwandishi wa programu ndiye aliyesema kwa mkono wake: hiki nakichukua, hiki nimemaliza nacho, kifutwe. Baadaye ikaja njia ya kujiendesha. Mashine inahesabu yenyewe ni wangapi, kati ya vipande vya programu, wanaokishika kitu fulani. Akibaki mmoja, kinaishi. Asipobaki hata mmoja, kinafutwa papo hapo. Nilipolisoma hilo nilifurahi sana. Nilijiambia: basi, mimi nitashughulika na watu, usafi utajifanya wenyewe.

Siku za mwanzo Mama Régine alikuwa anarudi kutoka kambini akiwa amekasirika.

"Papa Asifiwe, kitu yako inakufa."

"Inakufa namna gani?"

"Inakufa tu. Mama iko anaangalia picha, moja, ingine, ingine, halafu kioo inajizima. Tunafungua tena, tunaanza tena ku picha ya kwanza. Wamama wanachoka. Kuko mmoja alisema mashini haimupendi."

Nilijaribu hapa biro, ofisini kwetu, haikufa. Nilikuwa na picha chache za majaribio, nikizifungua na kuzifunga, kila kitu salama. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kila ukurasa mama aliofungua kule kambini haukufutwa. Ukurasa ulikuwa umekishika kile kipande cha programu kinacholeta picha, na kipande hicho nacho kilikuwa kimeushika ukurasa. Mama alikuwa amekwisha kupita, lakini mashine ikihesabu inaona kila mmoja bado anashikwa na mwenzake. Basi vyote viwili vinabaki. Picha juu ya picha, mpaka tableti inaishiwa nafasi na kuifunga programu yote.

Dawa yake ilikuwa neno moja, neno weak, yaani dhaifu. Ukiliweka, unaiambia mashine: huyu anakishika kitu hiki, lakini mkono wake usiuhesabu. Niliweka neno hilo mahali pamoja, nikapeleka tableti kambini mimi mwenyewe, nikakaa kwenye benchi kando ya Mama Régine. Wazazi walitazama picha tangu asubuhi mpaka jua lilipogeuka. Haikufa. Mama Régine alinipiga bega mbele za watu, akasema, "Sasa njo unafanya kazi."

Sijawahi kukuambia nilivyofurahi siku ile. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama yako apike kuku, hata hakujua ni sikukuu gani. Na kesho yake nilifanya kile ambacho mtu aliyepona homa hufanya: niliitafuta dawa ile ile kwa kila kiungo. Kila nilipoona kitu kinashika kingine, nikaweka weak. Sikuwa mvivu, Asifiwe. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Ningekuwa mvivu ningejua pa kuweka lawama. Nilikuwa nimesoma, nimejaribu, nimeona kwa macho yangu kwamba inasaidia.

Baada ya hapo malalamiko yaliisha. Tulikuwa tumeongeza njia ya kutafuta, ili mzazi asipitie picha zote: unaandika jina la mtoto, unaandika umri, unabonyeza. Kama hakuna, kioo kinasema Hakuna picha. Nilijaribu biro, nikapata kila jina nililoandika. Nikapeleka.

Kuna mama mmoja alikuja kambini akitafuta mtoto wake wa kiume aitwaye Dieumerci. Tumwite Mama Dieumerci, kwani ndivyo alivyojiita. Mimi sikuwepo. Mama Régine alinisimulia baadaye, na amenisimulia mara nyingi, kila mara kwa maneno yale yale. Mama Régine aliandika jina, akaandika miaka, akabonyeza. Kioo kikasema Hakuna picha. Yule mama akamwomba arudie. Akarudia. Hakuna picha. Akajaribu kuandika jina kwa njia nyingine, maana makarani huandika wanavyosikia. Hakuna.

Mama Régine alimwambia, "Pole, mama. Labda siku ingine."

Yule mama akafunga kitenge chake vizuri, akamjibu, "Aksanti. Sasa najua." Akaondoka. Alikuwa na kaka yake anayelima upande wa Mambasa, akaenda huko.

Miezi ikapita. Siku moja akaja biro mama mwingine, Mama Esther wa mtaa wa Mudzipela, mmoja wa wale waliopokea watoto. Alitaka kuuliza kama kuna habari yoyote kuhusu mtoto anayekaa kwake, maana mtoto alikuwa ameanza kumwita mama, na yeye hakujua kama amwache au amkataze. Nikamuuliza jina la mtoto. Nikaliandika kwenye ordinateur yangu, ile kompyuta ya biro. Picha ikatokea mara moja, ilikuwa kati ya zile chache za majaribio: mtoto anacheka, meno mawili ya mbele yametoka, pengo limebaki.

Mama Régine alikuwa amesimama nyuma yangu akinywa chai. Akaweka kikombe chini polepole.

"Dieumerci," akasema. "Papa Asifiwe, mama ya huyu mutoto alikuyaka kumutafuta. Tulimwambia haiko."

"Haiwezekani. Si hii hapa?"

Alichukua tableti yake kwenye mfuko, akaandika jina, akabonyeza, akanipa. Kioo kilisema Hakuna picha. Nikatazama ordinateur: mtoto anacheka. Nikatazama tableti: hakuna. Mama Esther alikuwa anatugeuzia macho, mara mimi, mara Mama Régine, hajui kama amepata jibu zuri au baya. Programu ni ile ile, jina ni lile lile, picha ni ile ile. Nikabonyeza tena kwenye tableti. Safari hii mtoto akatokea. Nikabonyeza tena. Hakuna.

Mwanangu, kuna kuchanganyikiwa kwa mtu asiyejua kitu, na huko si kubaya, unauliza tu. Kule kwangu kulikuwa kwa namna nyingine. Nilikuwa najua kila mstari, na kila mstari ulikuwa sahihi. Nakumbuka ulikuja siku hizo kunionyesha daftari lako, nikalishika bila kulifungua, ukalichukua ukaenda zako.

Kosa nililiona kwa bahati tu, nilipoingiza picha zote za kambini kwenye majaribio yangu ya biro badala ya zile chache. Kile kipande kinachofanya kazi ya kutafuta nacho nilikuwa nimekifunga kwa weak. Hakuna aliyekishika kwa mkono unaohesabiwa. Ukibonyeza, kinazaliwa, kinaanza kutafuta, na karibu mara ile ile mashine inaona hakuna anayekihitaji, inakifuta. Picha zikiwa chache, kinawahi kumaliza kabla hakijafutwa, kinaleta jibu. Zikiwa nyingi, kinakufa katikati ya kazi. Na lugha ile ina tabia moja ambayo nilikuwa naipenda: ukisema na kitu ambacho hakipo, haikugombezi. Haisimami, haipigi kelele. Inanyamaza, inaendelea.

Basi utauliza, maneno yale Hakuna picha yalitoka wapi, ikiwa hakuna aliyetafuta? Niliyaweka mimi. Nilikuwa nimeyaandika kwenye kioo yakae pale tangu mwanzo, kabla ya kutafuta, na majibu yakija yayafunike. Niliona ni njia rahisi. Siku zile nilipoiona mistari hiyo miwili pamoja, mmoja hapa, mwingine mbali kabisa katika faili lingine, kila mmoja peke yake hauna ubaya, nilicheka. Kicheko kilitoka chenyewe. Mama Régine alinitazama kama mtu amtazamaye kichaa.

"Ulipata?" akaniuliza.

"Nilipata."

"Ilikuwa nini?"

"Neno moja."

Akangoja nimwambie lingine.

Nilitoa neno lile, nikahakikisha kipande kinashikwa mpaka kazi iishe, nikaandika upya yale maneno ya kwenye kioo. Ilikuwa kazi ya muda mfupi sana. Kisha tukapanda gari, Mama Régine na mimi, tukaenda Mambasa kumtafuta yule mama.

Tulimkuta kwa kaka yake, nyuma ya nyumba, anamenya mihogo. Mama Régine alijitambulisha, akasema kwa furaha, "Mama, tumekuya juu ya Dieumerci. Iko muzima. Iko Bunia."

Hakuinua kichwa. "Nani amesema?"

"Siye tumesema. Tuko na picha yake."

"Ile siku muliniambiaka nini?"

Mama Régine akanitazama. Nikaona zamu ni yangu. Nikapiga magoti ili nisimsemeshe kwa juu, nikaanza kueleza: kwamba mashine haikusema kuwa mtoto hayuko, kwamba ile siku mashine haikutafuta.

"Iliandika nini?" akaniuliza.

"Iliandika hakuna."

"Basi ilisema."

"Ndiyo, mama. Lakini—"

"Leo inasema iko. Kesho itasema nini?"

Kaka yake akatoka ndani. Alikuwa mtu mzima, mwenye heshima, akatusalimu vizuri, kisha akatuambia kwa utaratibu kwamba matanga ya mtoto yule yalikwisha kufanyika pale uani. Watu walikuja, walilala chini, walikula, walilia, mchungaji aliomba. "Tulisha kumuaga," akasema. "Sasa munatuletea picha. Siye tufanye namna gani?" Hakuwa anatutukana. Aliuliza kweli, kama mtu anayeuliza njia.

Nikampa mama ile picha, tuliyokuwa tumeichapa kwenye karatasi. Aliifuta mikono kwanza, akaipokea. Akaisogeza kwenye mwanga.

"Meno yake ilitoka," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Ilitoka lini?"

Sikujua. Mama Régine hakujua.

"Nani alikuwa hapo wakati ilitoka?" akauliza. Ndipo akaanza kulia, na kaka yake akakaa chini kwenye mihogo ile ile, akajifunika uso kwa mikono.

Tulirudi naye Bunia. Utadhani hapo mambo yalinyooka, na mimi nilidhani hivyo. Tulipofika Mudzipela mtoto alimwona mama yake akajificha nyuma ya Mama Esther. Nilikuwa nimejiandaa kwa kukumbatiana. Badala yake wanawake wawili walisimama wakitazamana, kila mmoja anamwonea mwenzake huruma na kila mmoja anamwogopa. Mama Esther ndiye aliyeanza. "Ingia, dada," akasema, "utakala hapa mpaka akuzoee." Na kweli alikaa pale, wakapika pamoja, wakafua pamoja. Mtoto alianza kwa kukaa karibu naye, baadaye akakubali kula mkononi mwake, na siku moja waliondoka, mkono kwa mkono, na Mama Esther akafunga mlango akalala siku nzima. Kule Mambasa kaka hakutaka mtoto aliyeliliwa aingie uani hivi hivi. Waliita tena watu wale wale, wakapika, mchungaji akaomba tena. Sijui aliomba maneno gani.

Mama Régine na mimi tulirudi kwenye makambi kuwatafuta wote walioambiwa Hakuna. Wengine tuliwapata, tukatafuta upya mbele yao, na baadhi yao waliwapata watoto wao. Wengine wakaambiwa hakuna mara ya pili, na safari hiyo ilikuwa kweli, na walitutazama tu, maana kwa nini watuamini. Wengine walikuwa wamekwisha kuondoka, na jirani zao hawakujua wamekwenda wapi. Hao ndio walionitoa kwenye kazi ile. Sikufukuzwa. Hakuna aliyenilaumu hata mara moja. Mkubwa wetu aliniambia, "Papa, hii ni mambo ya technique, inafikaka kwa kila mutu." Labda kama angenigombeza ningebaki.

Nimejaribu kutafuta somo ndani ya jambo hili ili nikupe uende nalo. Kuna siku nilidhani ni hili: usiamini kitu kinachojiendesha chenyewe. Lakini nikikumbuka zamani watu walivyohesabu kwa mkono wakakosea zaidi, naona si hilo. Siku nyingine nilidhani ni kujaribu kwa picha nyingi. Ni kweli, ujaribu kwa nyingi, lakini hilo ni jambo la kazi, na ninalolibeba mimi si la kazi tu. Lililo karibu zaidi ni hili, na silishiki vizuri: kuna tofauti kubwa kati ya mtu aliyetafuta akakosa na mtu ambaye hakutafuta, na mimi niliwapa wote wawili uso mmoja. Tangu siku zile, mtu akiniambia kitu hakipo, hata fundi wa baiskeli, hata mganga wa hospitali, namuuliza kwa upole, "Ulitafuta?" Mama yako anasema nawachosha watu. Huenda.

Na bado sijui kama nafurahi kwamba umechagua kazi hii. Ulipotuambia nilisikia kitu kifuani, nikatoka nje nikajifanya naangalia mlango wa uani. Mama yako alidhani ni huzuni. Mimi mwenyewe sikujua ni nini, na leo pia sijui. Naona tu kwamba ukikaa mbele ya mashine macho yako yanakuwa kama yangu ya wakati ule, siku nilipotoka kambini nikaomba kuku.

Niandikie ukiwa huko. Usiniandikie tu kwamba uko salama. Niandikie unachojifunza, hata kama unadhani sitaelewa. Ukikutana na mwalimu mwenye subira, mweleze habari hii yote, umuulize yeye angefanyaje. Mimi sikupata mtu wa kumuuliza.

Jambo moja la mwisho, halafu naacha. Mwaka huu nilipita Marabo siku ya soko. Mwanamke mmoja aliniita kwa sauti, "Papa Asifiwe!" Alikuwa Mama Dieumerci. Wamehamia huko, anauza maharagwe. Akamwita mtoto wake, kijana sasa, miguu mirefu, akamwambia, "Huyu njo papa alikutafutaka." Kijana akanipa mikono miwili, kwa adabu. Nilitaka kusahihisha, nikamtazama mama, nikaona anajua kila kitu na amechagua kusema hivyo. Nikaipokea mikono ya kijana. Alipogeuka kumpimia mteja, kijana akanisogelea.

"Papa, ni kweli walifanyaka matanga yangu?"

"Ni kweli," nikasema.

"Watu walikuwa mingi?"

"Mingi. Walijaza uani."

"Na walilia?"

"Walilia sana."

Akafikiri kidogo. Kisha akatabasamu, Asifiwe, tabasamu kubwa la mtu aliyepewa habari njema asiyoitegemea, akabeba gunia la mama yake begani, akaenda zake kati ya watu.

Mungu akutangulie njiani, mwanangu.

Papa yako